Greji zote zinafanana mpaka zipande ukutani

Kwenye meza yangu hapa kuna kadi nne za sampuli za rangi ya ukuta na ukizitazama ukiwa umesimama mlangoni utaapa ni kadi moja imetolewa kopi. Mume wangu kaziinua moja moja, kazigeuza huku na huku, kisha kauliza "sasa si zote krimu hizi?" akaenda zake. Sio krimu. Ni lile kundi la katikati, beji iliyotiwa kijivu au kijivu kilichotiwa beji, watu wa mapambo wanaita greji, na mimi nasema bila kupepesa macho kwamba kwa chumba hakuna rangi inayosumbua kuchagua kama hii. Nyekundu ikikukataa inakukataa siku hiyohiyo, unaona kabisa, unapaka nyingine juu yake yameisha. Greji haina hiyo. Unapaka, inakauka, unarudisha makochi, halafu unakaa unaona kuna kitu hakijakaa sawa, chumba kama kina homa hivi, na ukiulizwa ni nini huna jibu.

Ngoja nikupe mfano wa namba maana bila namba mtu anaona ni mbwembwe tu. Ukiingia mtandaoni kutafuta greji, majina mawili ya kampuni ya rangi ya Sherwin-Williams yanakurukia mapema kabisa, Agreeable Gray na Accessible Beige. Moja inaitwa kijivu nyingine beji kwa hiyo utadhani ziko mbali. Sasa cheki namba zake za skrini, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na bluu kinachoiunda kila moja: ya kwanza nyekundu 209, kijani 203, bluu 193, ya pili nyekundu 209, kijani 199, bluu 184. Yaani nyekundu ni ileile, kijani zimepishana 4, bluu zimepishana 9, na kipimo chenyewe kinaenda mpaka 255. Tofauti ni hiyo tu. Lakini hizo 9 za bluu ndo zinafanya kazi yote, maana bluu ikipungua njano inajitokeza, kwa hiyo ya pili inakuwa na joto zaidi, na ukizipaka kwenye kuta mbili zinazopakana hata yule aliyesema zote krimu ataona. Kwenye kadi ya upana wa vidole viwili haoni mtu.

Ili uelewe kwa nini ziko hivi inabidi ujue zinachanganywaje. Wanaanza na rangi nyeupe, weupe wake unatokana na dioksidi ya titani, halafu mashine inadondoshea matone ya rangi kali. Kwa familia ya beji na greji matone yanayotumika sana ni oksidi ya njano, nyeusi, na oksidi nyekundu, saa nyingine majenta, ile pinki kali yenye uzambarau. Na hapa ndo penye utamu: njano ukiitia nyeusi haikupi njano iliyofifia, inakupa kijani, kile kijani cha zeituni. Ndo maana greji nyingi ukizikodolea macho zina ukijani kwa ndani. Anayetunga rangi akitaka kuua huo ukijani anadondoshea nyekundu, ikitosha rangi inatulia, ikizidi kidogo tu inaangukia upinki. Na nyeusi yenyewe ukiiweka kwenye nyeupe huwa ina ubluu kwa mbali, kwa hiyo ikikutana na ile nyekundu iliyozidi unaanza kuona zambarau. Hakuna aliyeagiza zambarau, ila ipo.

Kwa hiyo unaposimama mbele ya hizo kadi usijiulize ipi nzuri. Zote nzuri, zimetungwa na watu wanaojua kazi yao. Jiulize hii inaegemea wapi, kijani, pinki, zambarau au njano, na je huko inakoegemea kuna kitu chumbani kwangu kitagombana nako. Hilo swali likijibiwa kadi zinaanza kujipunguza zenyewe, huhitaji hata kuwa na jicho la msanii.

Revere Pewter ya Benjamin Moore kwa mfano imependwa miaka na miaka, ila ina ukijani, na watu wanaoipaka bila kujua hilo ndo wanaoshangaa baadaye. Elephant's Breath ya Farrow & Ball iko upande wa pili, wenyewe waliotengeneza wanasema ina majenta kidogo na kwenye mwanga wa baridi inaweza kusogea karibu kabisa na lilaki, ile zambarau nyepesi. Hakuna iliyoharibika hapo. Ukiwa na marumaru zenye upinki ukaweka ile ya kwanza, marumaru zitazidi kuwa pinki mpaka zifanane na ngozi, na ukuta utazidi kuwa kijani. Ukiwa na kochi la kijani cha majani makavu ukaweka ya pili, jiandae kukaa kwenye chumba cha lilaki.

Hili la rangi kuchochewa na jirani yake sio la juzi. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, aliyekuwa anasimamia upakaji rangi nyuzi pale Gobelins, Paris, kile kiwanda cha mazulia ya ukutani, na watu walikuwa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akaichunguza ile nyeusi, akakuta haina tatizo. Tatizo lilikuwa nyuzi zilizokaa pembeni yake. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake kwamba rangi mbili zikikaa pamoja kila moja inaisukuma mwenzake iende upande wa kinyume, na kinyume cha nyekundu ni kijani, cha njano ni zambarau, cha chungwa ni bluu. Sasa fikiria, kama nyeusi inaweza kuyumbishwa na jirani, greji ambayo haina hata rangi ya kueleweka itakuwaje? Inayumba kweli kweli. Rangi kali ina msimamo wake, hizi zilizopoa zinafuata mkumbo.

Kuijua inaegemea wapi ni rahisi kuliko inavyosikika. Kadi moja peke yake mkononi haikwambii kitu, jicho linaizoea linaiita beji yameisha. Chukua karatasi nyeupe kabisa ya printa, tandika, weka kadi juu yake kwenye mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja. Nyeupe inaifichua. Kisha weka mbili mbili, kila moja na jirani yake, na hapo ndo utaona hii kumbe ya kijani ikiwa karibu na ile, na ile kumbe pinki. Halafu kama kadi yako ina rangi kadhaa kuanzia nyepesi mpaka nzito, shuka mpaka ile nzito ya chini kabisa, mara nyingi ndiyo inayotoboa siri, kama chini kuna kijani cha matope basi ile nyepesi ya juu nayo ina undugu nayo.

Mimi kadi zangu nimezigeuza nikaandika nyuma A, B, C, D, na majina nimeyafunika. Majina ya rangi ni biashara. Ukishasoma jina lenye utulivu ndani yake unaona utulivu hata kama rangi ni ya kijani cha chooni. A iliegemea kijani, B pinki, C zambarau kwa mbali sana, D njano.

Halafu nikashuka sakafuni. Sakafu yangu ni ya mbao zenye wekundu fulani, na hiyo siing'oi, na hicho ndo kitu cha kwanza ambacho mtu angetakiwa kukipeleka mbele ya rangi: vile ambavyo havibadiliki. Pazia utabadilisha, mito utabadilisha, sakafu na marumaru na makabati yaliyojengewa utakaa nayo. Mbao za wekundu-chungwa zinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja na yanapingana, ndo maana watu wanachanganyikiwa. Mwanga unaogonga sakafu unaruka kwenda ukutani ukiwa umebeba wekundu wake, kwa hiyo sehemu ya chini ya ukuta karibu na skatingi inapata joto. Lakini jicho lako likitoka kwenye sakafu kwenda juu, kwa ile sheria ya Chevreul, kijivu chochote kilichopo kinaonekana cha baridi zaidi kuliko kilivyo, kinaingia ubluu. C kwa ule uzambarau wake ikawa imetoka hapo hapo, juu ya hii sakafu ilikuwa kama wingu la mvua. B nayo ilizama, pinki na wekundu wa mbao zikaungana chumba kizima kikawa kama kimejipaka poda. Nikabaki na A na D, kijani na njano.

Mwanga sasa. Watu wanasoma ushauri kwamba chumba kinachoangalia kaskazini ni cha baridi wanauchukua kama ulivyo, bila kuuliza aliyeandika anaishi upande gani wa dunia. Ushauri huo ni wa kaskazini mwa ikweta, huko dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja, linapata mwanga wa anga ambao una ubluu, kutwa nzima. Kusini mwa ikweta ni kinyume, dirisha la kusini ndo la baridi. Na ukiwa karibu na ikweta yenyewe jua linapita juu ya kichwa, miezi fulani limeegemea huku miezi fulani kule, kwa hiyo kaskazini na kusini hazikuambii mengi, cha kuangalia zaidi ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki linakupa asubuhi ya njano halafu mchana kutwa mwanga wa anga uliopoa, la magharibi linaanza limepoa linamaliza na chungwa. Kwa hiyo swali linakuwa wewe hicho chumba unakitumia saa ngapi. Mtu ambaye yuko nyumbani usiku tu hana sababu ya kuchagua rangi yake saa sita mchana.

Na usiku ni balbu. Hapa ndo pesa nyingi za rangi zinapotea na hakuna anayeangalia. Angalia kwenye boksi la balbu kuna namba yenye K: 2700K ni ya njano ya jioni, 4000K iko katikati, 6500K ni nyeupe yenye ubluu. Greji ya njano chini ya 2700K inakuwa krimu kabisa, ule ukijivu wote umekwenda. Greji ya kijani chini ya 6500K inakuwa kama korido ya ofisi. Kuna namba nyingine pia, CRI, inapima balbu inaonyesha rangi kwa uhalisia kiasi gani, mwisho wake ni 100, balbu nyingi za kawaida ziko kwenye 80 na zilizo nzuri zinapita 90. Kama ni kuchagua kati ya rangi ghali na balbu nzuri mimi ningenunua balbu kwanza, na kwa kweli nilibadilisha balbu kabla sijagusa ukuta, maana kuna rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja halafu ukiziweka chini ya taa nyingine zikaachana, ni kwa sababu zimetengenezwa kwa matone tofauti yanayofika mahali pamoja kwa njia tofauti. Ndo maana kumpelekea mtu wa mashine rangi ya kampuni nyingine umwambie "nitolee kama hii" inaleta kitu cha karibu, sio kilekile.

Usisahau nje ya dirisha pia. Mti mkubwa wenye majani mengi unamwaga kijani ndani, ukuta wa matofali mekundu wa jirani unamwaga wekundu. Dirisha langu lina mti. Hapo A ya kijani ikaanza kunitia wasiwasi.

Sampuli sasa, na hapa naomba mnisikilize hata kama mengine mmeruka. Usipake vibao vya rangi moja kwa moja kwenye ukuta wa zamani. Najua kila mtu anafanya, inaonekana ndo njia ya kawaida, lakini unachokiona pale ni rangi mpya ikigombana na rangi ya zamani, na ya zamani ndo yenye eneo kubwa kwa hiyo inashinda. Ukuta wa zamani wa njano utafanya greji yoyote ile ionekane na uzambarau. Chukua kadibodi kubwa nyeupe, kubwa kweli, sio ya daftari, paka kwa rola ileile utakayotumia, mikono miwili, yaani tabaka mbili, acha ukingo mweupe kuzunguka pande zote ili jicho lipate pa kupumzika. Ngoja ikauke kabisa, rangi ya maji ikiwa mbichi ni nyepesi zaidi kwa sababu ile gundi yake ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa haina rangi na ukuta unakolea. Kwa hiyo kumkimbilia fundi akiwa katikati ya mkono wa kwanza unapiga kelele kwamba sio yenyewe, hapana, mwache amalize.

Kisha isimamishe. Isimamishe! Kadi iliyolala mezani inapokea mwanga wa dari na ukuta haulali. Iweke karibu na dirisha, iweke kwenye ukuta ambao dirisha limo, huo ndo huwa wa giza kuliko zote, iweke nyuma ya kochi, ishushe mpaka iguse sakafu. Na kitu kimoja ambacho kilinifungua macho, paka kadibodi mbili za rangi moja uziweke kwenye kona zitazamane. Angalia pale katikati zinapokutana. Rangi inakolea, kwa sababu ukuta mmoja unarusha rangi yake kwenye mwenzake na mwenzake anarudisha, na chumba kizima ni kuta nne zinazofanyiana hivyo. Ndo maana greji ambayo kwenye kadi ilikuwa na unjano wa kuhisi tu, ukishamaliza chumba unjano upo wazi. Mimi nikiwa nimebakiwa na mbili zinazokaribiana sana nachukua ile iliyopoa zaidi, ile ambayo kwenye kadi inaonekana kama imekosa kitu.

Kuhusu simu, picha ya simu haikusaidii. Kamera inarekebisha weupe yenyewe, ikiona kuna njano nyingi inaivuta iende bluu, ukipiga ukuta uleule mara mbili na safari ya pili ukamwingiza mtu mwenye shati jekundu ukuta unaweza kubadilika. Na zile picha za vyumba mtandaoni zimepita kwenye programu za kurekebisha mwanga mpaka basi. Zitumie kupata wazo la kochi.

Kuna namba moja zaidi ya kuuliza dukani au kutafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji, inaitwa LRV, inasema ukuta unarudisha asilimia ngapi ya mwanga, 0 ni nyeusi tupu na 100 ni nyeupe tupu. Agreeable Gray ni 60, Accessible Beige ni 58, Revere Pewter iko kwenye 55. Kwa chumba chenye dirisha moja mimi chini ya 50 siendi, ni mstari wangu tu, wewe kama unapenda chumba kinachokukumbatia, nenda chini ya hapo. Ila ujue namba hii haikwambii kijani wala pinki, inakwambia wepesi peke yake, rangi mbili zenye 58 zinaweza zisipikike chungu kimoja.

Nyeupe ya dari na fremu za milango ina neno pia. Nyeupe kali ya barafu ikikaa karibu na greji ya joto, greji inaonekana chafu, kama ukuta haujafutwa. Nyeupe yenye ukrimu kidogo inaituliza. Hili nalo nililipima kwa kadibodi, kwa sababu fremu zangu tayari ni nyeupe ya kukolea na sikuwa na mpango wa kuzipaka, kwa hiyo nazo zinaingia kwenye lile kundi la vitu visivyobadilika.

Basi imekuwaje. A na ule mti haziendi, jioni ukuta wote wa dirishani unakuwa kijani cha kidimbwi. D ilikuwa nzuri kila mahali isipokuwa usiku, ilikuwa inakimbilia ukrimu, ila zile balbu nilizibadilisha kutoka 2700K nikaweka 3000K zenye CRI ya juu, na ikatulia. Kisha nikaomba D hiyohiyo ichanganywe kwa nusu ya matone, kitu ambacho duka lenye mashine linaweza kufanya ukiomba, fomula ni ileile ila imepunguzwa, na hiyo nusu ndo ninayopaka. Sio ya kushangaza mtu. Mgeni akiingia hatasema lolote kuhusu ukuta na hicho ndo nilichokuwa nataka.

Nimechukua matte, isiyong'aa, sio silki yenye mng'ao. Silki inarudisha mwanga wa dirisha na kila shimo la skimu, ile plasta laini ya juu, linaonekana, na juu ya hapo mng'ao unafanya rangi ibadilike kadri unavyotembea. Hakikisha tu sampuli uliyopima ni ya mng'ao uleule unaonunua, maana kuna vikopo vya sampuli vinakuja na mng'ao tofauti na wa kopo kubwa.

Makopo yote nimenunua siku moja, na fundi nimemwambia ayamimine kwenye ndoo moja kubwa akoroge kabla ya kugusa ukuta, mashine ikidondosha tone moja tofauti kati ya kopo na kopo kwenye greji utaliona katikati ya ukuta. Kanijibu "mama hiyo naijua" kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na wateja wanaosoma mtandaoni. Sawa, mimi nimesema. Ile lebo ya fomula iliyobandikwa kwenye mfuniko nimeipiga picha, maana zile karatasi za mashine zinafifia, na korido bado inasubiri, haina dirisha hata moja kwa hiyo kadi zote nne zinarudi mezani.